Binti yangu ana uvimbe kwenye moyo, wanasema si saratani ila mapigo yanavurugika. Kwa nini wanataka kupasua?

BabaWaPacha ameandika:

Wakuu habari zenu. Naomba mawazo, hasa kwa wenye taaluma ya moyo au waliowahi kupitia jambo kama hili.

Nina binti wa miaka mitano, mmoja wa pacha. Ni mtoto mwepesi, wa kukimbia kutwa nzima. Siku moja akifukuzana na mwenzake alisimama ghafla, akashika kifua, akasema "baba, moyo unatetemeka", na kabla sijamfikia akaanguka. Alikuwa amelegea kabisa, midomo imepauka, macho yamepanda. Akazinduka mwenyewe baada ya muda mfupi, amelowa jasho, akauliza mpira uko wapi.

Tulikoanzia tuliambiwa huenda ni kifafa, akaandikiwa dawa. Ilipotokea tena, daktari mwingine akatuuliza swali moja tu: alikuwa anafanya nini kabla ya kuanguka? Nikamwambia alikuwa anakimbia, kama mara ya kwanza. Hapohapo akaagiza ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, na eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Eko ikaonyesha uvimbe mmoja kwenye ukuta wa chemba ya chini kushoto, sentimita 4 kwa 3. Akafungwa kile kifaa cha kurekodi mapigo mchana na usiku, kikanasa vipindi vya mapigo ya kasi yanayoanzia chemba ya chini. Baadaye picha ya MRI, na wakasema kuna kila dalili kwamba ni fibroma, uvimbe usio wa saratani.

Sasa anatumia propranolol, amekatazwa kukimbia, na madaktari wamekaa kikao wanasema njia sahihi ni kufungua kifua na kuutoa.

Ninayoshindwa kuelewa: kama si saratani, haraka ya kumpasua mtoto inatoka wapi? Uvimbe unavurugaje mapigo ya moyo? Na shemeji yangu anasema anamjua mtoto aliyekuwa na uvimbe kwenye moyo ukayeyuka wenyewe bila kuguswa. Kwa nini wa kwangu usisubiriwe? Mama yake halali. Nikimwangalia mtoto akicheza sakafuni kimya kimya na mdoli wake najiuliza tunampeleka kwenye nini.

---

MamaTuli ameandika:

Pole sana kaka. Huyo mtoto anayesemwa na shemeji yako angeweza kuwa wangu, maana yetu ilienda hivyohivyo. Mimi niliambiwa nikiwa bado mjamzito, kwenye ultrasaundi ya miezi ya mwisho. Walimwona mwanangu ana vivimbe kadhaa kwenye moyo, si kimoja. Wakaviita rabdomioma. Alipozaliwa, ECG ikaonyesha ana njia ya ziada ya umeme kwenye moyo, na kuna nyakati mapigo yalikuwa yakichomoka mpaka huwezi kuyahesabu kwa kidole. Alitumia dawa. Hakupasuliwa. Kila eko iliyofuata vilikuwa vimesinyaa, na leo vimebaki vialama tu ambavyo mpimaji lazima avitafute.

Lakini sitaki nikupe matumaini yasiyo yako. Wetu waliniambia mapema kabisa kwamba aina hiyo husinyaa. Wako wameuita jina lingine. Waulize waziwazi kama ni aina moja.

Jambo lingine: sisi tulitumwa pia kwa daktari wa neva na wa ngozi, kwa sababu zaidi ya nusu ya watoto wenye rabdomioma wana ugonjwa wa kurithi unaogusa ubongo, ngozi na figo. Mwanangu alikuwa na mabaka meupe mgongoni ambayo mimi nilidhani ni ya kuzaliwa nayo tu. Degedege lilipoanza tulikuwa tayari tuna mtu wa kumpigia. Kwa hiyo "uvimbe uliyeyuka" si hadithi nzima hata kwetu.

---

Fundi_Eko ameandika:

Pole mkuu, wewe na mama watoto. Nafanya kazi chumba cha eko, napima watoto na watu wazima, kwa hiyo nitajibu kwa upande ninaouona mimi. Uamuzi unabaki kwa madaktari walio na picha za binti yako mkononi.

Kwamba si saratani ni habari njema ya kweli, ishikilie. Maana yake uvimbe hautasambaa kwenda kwenye mapafu, ini au ubongo. Ila moyo ni kiungo ambacho kitu kisichosambaa kinaweza kuua palepale kilipo. Kila sehemu ya ukuta wake ina kazi mbili kwa wakati mmoja: kusukuma damu na kupitisha umeme. Ukipachika hapo donge lisilofanya lolote kati ya hayo, kuna kazi inayokwama. Ndiyo maana sisi tukiona uvimbe kwenye moyo tunauliza ni wa aina gani, umekaa wapi, na mapigo yakoje. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama mtu atasubiri au atapasuliwa.

Sasa kuhusu mapigo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye swali lako.

Moyo wenye afya huwashwa kutoka sehemu moja, juu upande wa kulia. Umeme unashuka, unapita katikati, unasambaa kwenye chemba za chini, misuli yote inajikunja karibu kwa pamoja, halafu inapumzika. Misuli iliyokwisha kujikunja haikubali kuwashwa tena mara moja, lazima ipumzike kwanza. Hicho kipumziko kifupi ndicho kinachotulinda sote.

Fibroma ni nyuzi ngumu za kolajeni na chembe zinazozitengeneza. Haipitishi umeme. Wimbi la umeme likiifikia linalazimika kuizunguka. Hilo peke yake lisingekuwa na shida. Shida ipo pembeni, kwa sababu mpaka wa fibroma haujanyooka. Haina ganda linaloitenga na misuli, inajipenyeza. Kwa hiyo kwenye kingo zake unakuta vikamba vyembamba vya misuli hai vilivyobanwa ndani ya nyuzi, na vikamba hivyo vinapitisha umeme polepole mno. Wimbi linaingia upande mmoja, linajikokota ndani, na linapotokea upande wa pili linakuta misuli iliyowashwa mwanzo imeshapumzika. Linaiwasha tena. Linazunguka, linaingia tena, linatokea tena. Sasa kuna mzunguko wa umeme ndani ya chemba ya chini unaojiendesha wenyewe, na hausikilizi tena kile kituo cha juu. Wodini wanaiita VT.

Mapigo yakienda kasi hivyo chemba haipati muda wa kujaa. Inajikunja ikiwa karibu tupu, damu haifiki kwenye ubongo, mtoto anapauka, analegea, anaanguka. Mzunguko ukikatika wenyewe, anazinduka na kuuliza mpira uko wapi. Usipokatika, au ukigeuka kuwa mtetemo usio na mpangilio, moyo unasimama. Haraka ya madaktari inatoka hapo. Kukimbia kunaongeza adrenalini, na adrenalini ndiyo inayorahisisha mzunguko kuwaka. Propranolol inapunguza nguvu ya adrenalini, ndiyo maana anaitumia na ndiyo maana amekatazwa mbio. Tafadhali dawa hiyo isiachwe ghafla hata siku moja, hata akionekana mzima.

Daktari aliyekuuliza mtoto alikuwa anafanya nini kabla ya kuanguka amekusaidia sana. Mtoto anayezimia katikati ya mbio ni lazima moyo wake uangaliwe, hata kama alitikisika kidogo akiwa chini. Ubongo uliokosa damu hutikisa mwili, na kwa jicho la mtazamaji inafanana na kifafa.

Kuhusu kusubiri, dada MamaTuli amesema kweli tupu. Rabdomioma ni uvimbe wa moyo unaoongoza kwa watoto. Mara nyingi huwa mingi, huonekana tumboni au utotoni kabisa, na baada ya mtoto kuzaliwa mingi husinyaa. Kwa hiyo kama haizibi njia ya damu na mapigo yanatulizwa kwa dawa, inasubiriwa. Kwa ile michache inayoziba, siku hizi kuna watoto wanaopewa dawa za kundi la sirolimus kuiharakisha isinyae.

Fibroma ni ya pili kwa watoto na tabia yake ni tofauti kabisa. Kwa kawaida ni mmoja, umo ndani ya ukuta wa chemba ya chini au ukuta wa kati, na hauyeyuki. Mwingine unakua pamoja na mtoto. Mara nyingi katikati yake kuna chokaa inayoonekana kwenye picha ya CT, kitu ambacho kwa rabdomioma hutakikuta. Kwenye MRI, baada ya ile dawa ya mshipani, fibroma hunyonya dawa na kung'aa muda mrefu wakati misuli ya jirani imeshafifia. Nadhani ndicho walichokiona kwa binti yako. Na kati ya uvimbe wote wa moyo kwa watoto, huu ndio unaohusishwa zaidi na VT na vifo vya ghafla. Mtoto ambaye tayari amezimia na kifaa kimenasa VT hayuko kwenye kundi la kusubiri.

Upande wa faraja ni kwamba watoto wengi VT hukoma uvimbe ukishatolewa. Hata pale ambapo daktari hawezi kuutoa wote kwa sababu umegusa mshipa wa damu wa moyo au misuli inayoshika vali (mlango wa damu ndani ya moyo), mara nyingi kilichobaki hakikui tena. Kwenye kikao chenu kijacho ulizeni mambo haya: uvimbe uko umbali gani na mishipa inayolisha moyo na vali ya kushoto, wanategemea kuutoa wote au sehemu, chemba itakayobaki itatosha kusukuma, watagandisha kingo kwa baridi ili kukata ile mizunguko wakiwa hukohuko ndani, na baadaye watahakikishaje kwamba VT imekwisha. Uliza pia daktari anayepasua amewahi kutoa uvimbe wa namna hii kwa mtoto. Ni swali la haki na daktari mzuri halimuudhi.

---

Mzee_Mstaafu ameandika:

Mwanangu BabaWaPacha, pole. Mimi ni mtu mzima na wangu ulikuwa wa aina nyingine, miksoma, ila kwa habari ya mapigo naweza kukuambia yanavyokuwa kwa aliye ndani ya mwili.

Nilikuwa nikiinama kufunga viatu napoteza pumzi. Nikilalia ubavu wa kushoto nahisi nazama. Homa ndogondogo, kukonda, watu wakanihesabia magonjwa yote. Kwenye eko daktari alinigeuzia kioo nione mwenyewe. Donge laini limening'inia kwa kikonyo kwenye ukuta wa kati wa chemba za juu, upande wa kushoto. Moyo ukifunguka linatumbukia kwenye vali, moyo ukijikunja linarudi juu. Linatumbukia, linarudi. Daktari akasema robo tatu hivi za miksoma hukaa hapohapo, na hatari yake kubwa ni mbili: kuziba vali, na kumeguka kipande kikaenda kwenye ubongo kuleta kiharusi. Hawakunirudisha nyumbani. Nilipasuliwa bila kucheleweshwa.

Baada ya upasuaji, nikiwa bado na mirija kifuani, moyo ukaanza kwenda ovyo, bila mpangilio wowote, kama ngoma iliyopigwa na watoto. Nikajua nakufa. Muuguzi akanishika bega akaniambia mtetemo wa chemba za juu ni jambo la kawaida baada ya kufunguliwa moyo, hutokea zaidi siku ya pili au ya tatu, na mara nyingi hupita. Walinipa dawa ya mapigo na dawa ya kuzuia damu kuganda, na ikapita. Nakwambia haya ili ukisikia mashine ya binti yako inalia huko ICU usidhani kazi imeharibika. Muulize muuguzi ni mapigo ya aina gani, watakueleza.

Mimi hadi leo napimwa eko kila mwaka, kwa sababu miksoma, kwa wachache, hurudi.

---

TibaAsili_Hakika ameandika:

Usikubali mtoto afunguliwe kifua. Kuna mchanganyiko wa mizizi unayeyusha uvimbe wowote ndani ya siku 40. Njoo inbox.

---

Fundi_Eko ameandika:

Ndugu, hapa tunazungumzia mtoto aliyekwisha kuanguka kwa VT. Fibroma ni nyuzi kama za kovu, tena mara nyingi zina chokaa ndani. Hakuna dawa ya kunywa inayojulikana kuuyeyusha, ya hospitali wala ya mizizi. Kuna mitishamba inayobadilisha chumvi za mwili kama potasiamu, au inayogongana na dawa za mapigo, na kwa moyo wenye VT hilo peke yake laweza kuua. BabaWaPacha, chochote mtakachotaka kumpa mtoto, hata cha kikohozi, mwoneshe kwanza daktari wake wa moyo. Nimeomba wasimamizi waiondoe hiyo post.

---

Kijana_Mtulivu ameandika:

Samahani kwa kuingilia. Moyo wangu huwa unaruka pigo, hasa usiku nikilala. Baada ya kusoma hapa nimeogopa. Inaweza kuwa uvimbe?

---

Fundi_Eko ameandika:

Kijana, uvimbe unaoanzia kwenye moyo ni nadra mno. Takwimu za uchunguzi wa maiti zimekuwa zikitaja takriban 2 kwa kila maiti 10,000, nyingine chini ya hapo. Mapigo kuruka kuna sababu nyingi za kawaida kuliko hiyo: kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, kukosa usingizi, upungufu wa damu, tezi ya shingo, wasiwasi. Mioyo mizima kabisa nayo huruka pigo. Nenda ukapime ECG na damu utulie. Usisubiri kama unazimia, kama inakuja ukiwa kwenye mazoezi, kama unakosa pumzi au kifua kinauma, au kama kuna mtu wa ukoo wenu aliyekufa ghafla akiwa kijana.

---

BabaWaPacha ameandika:

Wakuu, nimewasoma wote, na nimemsomea mama yake kwa sauti. Kwa mara ya kwanza ameelewa kwa nini wa MamaTuli ulisubiriwa na wetu hausubiriwi. Mzee, asante kwa hilo la mashine kulia.

Tumerudi kwa daktari na maswali ya Fundi_Eko yakiwa yameandikwa kwenye daftari. Mshipa mkubwa wa moyo unapita pembeni ya uvimbe, haumo ndani yake. Wanatarajia kuutoa wote au karibu wote, na daktari atakayepasua alishawahi kutoa fibroma za watoto. Tumekubali. Wametupangia tarehe.

Nimebaki na moja. Mpaka siku hiyo ifike mtoto yuko nyumbani. Akianguka tena tufanye nini? Na pacha wake naye apimwe?

---

Fundi_Eko ameandika:

Mmefanya vema, na mmeuliza kinachotakiwa.

Akianguka, mlaze chini, muite kwa nguvu, angalia kifua kama anapumua. Akipumua, mlaze ubavu na mpige simu kuomba msaada, hata akizinduka. Kama hapumui au anahema kwa kushtukashtuka tu, anza kumkandamiza katikati ya kifua wakati mwingine anaita msaada. Kwa mwili wa miaka mitano kiganja kimoja kinatosha, kisipotosha tumia viwili. Bonyeza sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila baada ya mara 30 mpe pumzi mbili. Usiache mpaka apumue au msaada ufike. Mahali penye mashine ya kushtua moyo iletwe mara moja, na itumike hata kwa mtoto. Itawaongoza kwa sauti. Mwombeni muuguzi wa kliniki yenu awafundishe kwa mdoli wa mazoezi kabla ya tarehe, wote wawili, na yeyote anayebaki na mtoto. Mikono inatakiwa iwe imeshafanya.

Andikeni kwenye karatasi moja jina la tatizo, dawa na kipimo chake, na namba ya daktari, ikae mahali watu wote wa nyumba wanapajua. Akitapika dozi au akigoma kunywa, pigeni simu siku hiyohiyo.

Pacha: fibroma nyingi hutokea zenyewe bila kurithiwa, lakini kwa wachache huja na ugonjwa wa kurithi unaoitwa Gorlin, na daktari anaweza kuangalia dalili zake. Kwa pacha mimi ningeomba eko. Haiumi, haina mionzi, na mtoto anaweza kupimwa akiwa amepakatwa.